Mifereji ya Hewa Majumbani: Lini Isafishwe na Lini Iachwe

Nyumba nyingi za Marekani na Canada hujengwa zikiwa na mfumo mmoja wa kupasha joto na kupoza hewa, ambao hupeleka hewa katika kila chumba kwa njia ya mifereji inayopita chini ya sakafu, ndani ya kuta na juu ya dari, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki. Kwa kuwa mifereji hiyo haionekani, na kwa kuwa hewa wanayoivuta watoto, wazee na wagonjwa wa nyumba hiyo hupita humo mara nyingi kwa siku, imezuka biashara kubwa ya kuisafisha, inayotangazwa kwa simu, kwa barua na kwa vipeperushi vyenye ahadi kwamba pumu itatulia, mafua ya mzio yatakoma na gharama za nishati zitashuka. Ahadi hiyo inastahili kupimwa kwa makini, hasa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili ambazo zimehamia majimbo kama Texas, Kentucky, Ohio na Iowa, nyingi zikiwa zimetoka mashariki ya Kongo na kupitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, zikaingia katika nyumba za namna hiyo bila mtu wa kuzieleza jinsi zinavyofanya kazi.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuelewa. Katika chumba cha chini ya ardhi, kwenye stoo au darini huwekwa tanuri linalounguza gesi au linalotumia umeme, na sambamba na tanuri hilo huwekwa koili ya kiyoyozi, yaani mabomba membamba yaliyokunjwakunjwa ambayo ndani yake hupita kimiminika cha kupozea. Feni moja kubwa huivuta hewa ya vyumbani kupitia mifereji ya kurudisha, ikaipitisha kwenye chujio, ikaipasha joto au kuipoza, kisha ikaisukuma kupitia mifereji ya kupeleka hadi kwenye matundu yenye wavu yaliyo sakafuni, ukutani au darini. Wazo la kusambaza joto la gesi nyumba nzima kwa mifereji lina historia ndefu, na mmoja wa wanaotajwa katika historia hiyo ni Alice Parker, mwanamke Mweusi wa Morristown, New Jersey, aliyepewa hataza ya tanuri la gesi lenye mifereji kwa kila chumba tarehe 23 Desemba 1919, wakati ambapo familia nyingi za nchi yake zilikuwa bado zikiota moto wa kuni au makaa ya mawe. Jambo la kushika hapa ni kwamba mfumo huu, katika nyumba nyingi, hauingizi hewa mpya kutoka nje, bali huizungusha ile ile iliyomo ndani, tofauti kabisa na nyumba ya Pwani yenye dari ya juu, madirisha yanayoelekeana na matundu juu ya milango, ambamo upepo wa kaskazi au wa kusi huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kila kinachozalishwa ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa baridi, kiwe moshi wa kukaangia, mvuke wa bafuni, manyoya ya paka au harufu ya rangi, hubaki humo kikizunguka mpaka kinaswe na chujio, kitue mahali au kitoke kupitia nyufa.

Hapo ndipo hoja ya wauzaji inapoanza, kwani ni kweli kwamba vumbi hutua pia ndani ya mifereji, na picha za mifereji yenye vumbi, zikioneshwa kwa mama mwenye mtoto anayebanwa kifua, huwa na nguvu kuliko maelezo yoyote. Hata hivyo, vumbi lililotua halina tabia moja na vumbi linaloelea. Sehemu kubwa ya uchafu wa mifereji hugandamana na kuta za bati na kubaki hapo miaka mingi bila kurudi vyumbani, ilhali chembechembe ndogo zinazoingia mapafuni huzaliwa upya kila siku jikoni, kwenye mazulia, kwenye magodoro yenye utitiri wa vumbi, kwenye sigara inayovutwa ndani na kwenye viatu vinavyoingia na udongo wa nje. Shirika la Marekani la Ulinzi wa Mazingira (EPA) lilitoa kijitabu kuhusu suala hili mwaka 1997, nalo lilisema wazi kwamba usafishaji wa mifereji haujawahi kuthibitishwa kuwa unazuia maradhi, wala tafiti hazijathibitisha pasi na shaka kwamba vumbi la ndani ya nyumba huongezeka kwa sababu mifereji ni michafu. Nchini Canada, Shirika la Rehani na Nyumba (CMHC), ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likichunguza ujenzi wa makazi, lilifika karibu na hapo hapo: usafishaji kwa kawaida haubadilishi ubora wa hewa inayovutwa na wakazi, haupunguzi gharama za kupasha joto kwa kiasi cha maana, wala hauongezi sana mwendo wa hewa.

Haifai kuyasoma maneno hayo kana kwamba yanasema mifereji isiguswe kamwe. EPA yenyewe inataja hali ambazo usafishaji unafaa kufikiriwa, nazo ni pale ambapo kuvu, yaani ule ukungu mweusi, wa kijani au mweupe unaoota penye unyevu, imeonekana kwa wingi ndani ya mifereji ya bati au kwenye sehemu nyingine za mfumo; pale ambapo panya au wadudu wamefanya makazi humo na kuacha vinyesi na mizoga; na pale ambapo vumbi na takataka zimejaa kiasi cha kuzuia hewa au kurushwa vyumbani kupitia matundu. Kwa hali hizo inaweza kuongezwa ile ya nyumba iliyokarabatiwa bila kufunikwa matundu yake, kwani unga wa jasi unaotimka wakati wa kupiga msasa kuta mpya huvutwa na mifereji ya kurudisha, na katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwa matumizi ya majumbani Marekani, unga wa rangi hiyo ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Katika kila mojawapo ya hali hizi, jambo la kuuliza kwanza ni chanzo: panya aliingia kupitia ufa gani, na maji yaliyolowesha mfereji yalitoka wapi. Mfereji uliosafishwa huku chanzo kikiachwa utachafuka tena, na fedha zitakuwa zimeliwa bure.

Namna kazi inavyofanywa ina uzito sawa na uamuzi wa kuifanya. Fundi anayeijua kazi huunganisha mfumo na mashine kubwa ya kufyonza, ili mifereji yote iwe inavuta hewa kuelekea kwenye mashine na vumbi linalong'olewa lisipate njia ya kutokea vyumbani, kisha huingiza brashi na mipira ya hewa yenye shinikizo ili kulikwangua vumbi lililoganda. Halafu, na hapa ndipo wababaishaji wanapojulikana, hufungua na kusafisha feni, koili, sinia la kukusanyia maji na chumba cha tanuri, kwa sababu kusafisha mifereji na kuacha feni chafu ni kurudisha uchafu mahali ulipotoka. Chama cha wasafishaji wa mifereji cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi cha NADCA na kilichoanzishwa mwaka 1989, kina viwango vilivyoandikwa vinavyotaka mfumo wote usafishwe kwa njia hiyo. Kazi ya aina hii huchukua saa kadhaa, na EPA ilikadiria kwamba gharama yake huwa kati ya dola 450 na dola 1,000 kwa mfumo mmoja. Kwa hiyo sauti ya simu inayoahidi kusafisha nyumba nzima kwa dola chache haiwezi kuwa inauza kazi hiyo. Mara nyingi ni mlango wa kuingilia, ambao baada ya kufunguliwa huletwa madai kwamba kuvu imegunduliwa, kwamba watoto wamo hatarini na kwamba inahitajika dawa ya dola mia kadhaa siku hiyo hiyo. Canada imeteseka na simu hizi kiasi kwamba mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, CRTC, imewahi kuzitoza faini kampuni za usafishaji wa mifereji kwa kuwapigia watu waliojiandikisha kwamba hawataki simu za biashara.

Kuhusu dawa hizo, tahadhari ni ya lazima. Wapo wanaopuliza ndani ya mifereji kemikali za kuua vijidudu, au kupaka rangi ya kufunika uchafu, au kuingiza gesi ya ozoni, ambayo yenyewe huchoma mapafu. Mifereji mingi ina bitana ya fibaglasi, yaani nyuzi laini za kioo zinazozuia joto lisipotee na kelele isisikike, na EPA ilieleza kwamba hakuna dawa ya kuua vijidudu iliyosajiliwa nayo kwa matumizi kwenye bitana ya namna hiyo. Fibaglasi iliyolowa na kuota kuvu haisafishiki. Hung'olewa na kuwekwa nyingine. Nyumba za zamani nazo zina hatari yake, kwa kuwa viungo vya mifereji yake huenda vilifungwa kwa utepe mweupe wenye asbesto, madini ya nyuzi yanayosababisha saratani yakivutwa, na brashi ya fundi asiyechunguza kwanza inaweza kuutimua utepe huo ukaenea nyumba nzima.

Ikiwa basi mifereji si chanzo kikubwa cha uchafu wa hewa, juhudi zielekezwe kwenye chujio, ambalo ni fremu ya karatasi au nyuzi inayowekwa pale hewa inaporudi kwenye tanuri. Tangu mwaka 1999 machujio ya Marekani hupangwa kwa kipimo kiitwacho MERV, kilichotungwa na chama cha wahandisi wa joto na upoozaji, ASHRAE. Chujio la bei nafuu la nyuzi za kioo, ambalo lina MERV ya chini kati ya 1 na 4, huzuia manyoya na takataka kubwa tu, na kazi yake hasa ni kuilinda mashine, wala si mapafu. Chujio la MERV 13 hunasa angalau nusu ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3 hadi 1, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70, na kwa chembe kubwa zaidi ufanisi wake hupanda hadi asilimia 85 na zaidi. Tofauti hiyo ilionekana mwezi Juni 2023, moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua Canada uliposhuka hadi New York na kuigeuza anga yake kuwa ya rangi ya chungwa, kwani katika siku kama hizo mwenye nyumba aliyefunga madirisha na kuiwasha feni yenye chujio zuri aliipunguza sumu ya hewa yake, na mfereji uliosafishwa usingemfaa kitu. Lakini chujio zito pia hubana hewa, nalo ni kama kifumbu ambacho machicha yakikijaa tui halishuki hata kikikamuliwa vipi. Feni dhaifu ikiwekewa chujio zito mno, au chujio lolote likiachwa mwaka mzima, hewa hupungua, koili huganda barafu na mashine huharibika. Fundi aulizwe kwanza ni MERV gani mfumo unaiweza, kisha chujio likaguliwe kila mwezi na libadilishwe likionekana limejaa.

Baada ya chujio huja unyevu, na pengine ndiyo mada iliyo nzito kuliko zote, kwa sababu vumbi peke yake halioti kitu, bali vumbi lenye maji ni shamba la kuvu. Koili ya kiyoyozi ikiwa baridi hutoa jasho, na maji hayo huangukia kwenye sinia lililo chini yake, yakatoka nje kwa mpira mwembamba. Mpira ukiziba kwa utelezi, maji hufurika na kulowesha mifereji iliyo karibu. Vilevile mfereji wa hewa baridi unaopita darini, penye joto kali, hutoa jasho kwa nje kila mahali ambapo kifuniko chake cha kuzuia joto kimechanika, jambo linalotokea sana katika miji yenye joto la unyevu kama Houston. Kitu kilicholowa kinatakiwa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 kabla kuvu haijapata nafasi, na unyevu wa hewa ya ndani unafaa ubaki chini ya asilimia 60, bora zaidi kati ya 30 na 50, kiwango kinachoweza kupimwa kwa kifaa kidogo cha bei rahisi.

Kanuni hii ya unyevu ndiyo inayowahusu pia Waswahili wa Muscat na Dubai, wanaoishi katika majengo yenye viyoyozi vya mifereji vinavyofanya kazi miezi mingi ya mwaka, penye vumbi la jangwa na unyevu wa bahari kwa wakati mmoja. Inawahusu hata wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, ijapokuwa viyoyozi vya huko vingi ni vya ukutani na havina mifereji kabisa. Mashine ya ukutani huizungusha hewa ya chumba kile kile. Wavu wake wa plastiki unaochomoka kwa mkono unahitaji kuoshwa kwa maji mara kwa mara, na koili, feni na mpira wake wa maji vinahitaji fundi wa kuvisafisha, kwani ile harufu ya uvundo inayosikika kiyoyozi kinapowashwa ndiyo dalili ya kinachoota ndani. Dirisha kufunguliwa asubuhi kabla ya kuwasha mashine ni desturi inayofaa kuhifadhiwa.

Kasoro nyingine ya mifereji, ambayo wauzaji wa usafi huigusia kwa nadra, ni kuvuja. Katika nyumba ya kawaida ya Marekani, asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita katika mifereji hupotea kupitia matundu, nyufa na viungo vilivyolegea, kwa makadirio ya mpango wa serikali wa Energy Star. Hasara hiyo si ya fedha pekee, kwa sababu mfereji wa kurudisha unaovuja darini au chini ya sakafu hunyonya vumbi, unyevu na vinyesi vya panya vya huko na kuvileta chumbani, kwa hiyo kuziba nyufa kunaweza kuwa na faida kwa hewa kuliko kukwangua bati. Ajabu ni kwamba utepe wa kitambaa wa rangi ya kijivu, ambao kwa Kiingereza umepewa jina la mifereji hii, haufai kwa kazi hiyo; Max Sherman na Iain Walker wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, waliujaribu pamoja na vizibo vingine kwa joto na baridi, wakatangaza mwaka 1998 kwamba ndio pekee ulioshindwa vibaya, tena mara kwa mara. Kinachodumu ni gundi nzito ya mastiki inayopakwa kwa brashi, au utepe wa alumini uliopimwa kwa kazi hiyo.

Upo mfereji mmoja katika nyumba hizo ambao usafi wake hauna mjadala, nao hauhusiani na kiyoyozi wala tanuri: ni bomba la kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo. Nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo zinazokaushwa hupita kwenye wavu wa mashine, na zile zinazoponyoka hujikusanya ndani ya bomba, zikiwa kavu na karibu na joto kali, tayari kushika moto. Idara ya Zimamoto ya Marekani imekadiria kwamba mashine hizi husababisha mioto ipatayo 2,900 majumbani kila mwaka, na sababu inayoongoza ni kutosafishwa. Nguo zinazochukua muda mrefu kukauka kuliko zamani ni onyo la bomba lililoziba. Wavu usafishwe kila baada ya mzigo mmoja wa nguo, na bomba lote lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka, kazi ambayo katika nyumba nyingi mtu aliyeelekezwa anaweza kuifanya mwenyewe kwa brashi ndefu. Inasikitisha kwamba familia inaweza kulipa mamia ya dola kwa mifereji ambayo haikuwa na kosa, huku bomba hili likiachwa limejaa.

Pamoja na hilo, tanuri linalounguza gesi au mafuta linahitaji kukaguliwa na fundi kila mwaka kabla ya baridi kuanza, kwa sababu likipasuka ndani au bomba lake la moshi likiziba linaweza kutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu usingizini. Chombo cha kuipigia kelele gesi hiyo huuzwa kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu, na kiwekwe karibu na vyumba vya kulala. Mpangaji anayeona kuvu, maji yanayovuja au panya amwarifu mwenye nyumba kwa maandishi na ahifadhi nakala, maana matengenezo ya mfumo kwa kawaida ni jukumu la mwenye nyumba, naye mpangaji hana sababu ya kulipia kwa fedha yake kosa la jengo.

Vyama vya wahamiaji, misikiti, makanisa na redio za jamii zinazotangaza kwa Kiswahili huko Marekani na Canada zinaombwa kuyafundisha mambo haya kila mwaka ifikapo Septemba, kabla matanuri hayajawashwa: mahali chujio lilipo na jinsi linavyobadilishwa, bomba la mashine ya nguo, king'ora cha kaboni monoksidi, na jibu la kumpa mtu anayepiga simu akiuza usafi wa mifereji kwa bei ya kutupa. Jibu hilo ni la heshima na ni fupi: asante, hatuhitaji.